Mama, Nawe Cheza: Kupanga Mchezo wa Mpira Mwisho wa Wiki

   

Leo hatuzungumzii chanjo wala homa ya mtoto. Leo tunazungumza juu ya mwili wako wewe, unayeamka wa kwanza nyumbani na kulala wa mwisho. Nataka nikueleze jinsi wewe na marafiki zako mnavyoweza kupanga mchezo wa mpira mwisho wa wiki: mchezo wa furaha, usio na mashindano makubwa, usiohitaji pesa nyingi, na usiomwacha mtu na jeraha.

Kwa nini mama acheze?

Najua swali lako la kwanza. Utasema, "Sista, mimi nachuma majani chai tangu asubuhi, nabeba ndizi hadi sokoni, nateka maji mtoni. Nicheze tena?"

Ni kweli, kazi ya shamba ni mazoezi. Kupanda milima yetu ya Kisii na Nyamira na mzigo mgongoni kunaupa moyo kazi, na hilo ni jema. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, kazi nyingi zetu huutumia mwili upande mmoja tu. Mchumaji wa chai huinama, mikono ikienda mbio huku kiuno kimekaza. La pili, si mama wote wanaofanya kazi ya kutembea. Yuko anayeketi dukani Keroka kutwa nzima. Yuko anayeuza nguo Daraja Mbili, yuko fundi wa cherehani, yuko mwalimu, na yuko anayeketi Tabaka akisugua vinyago vya mawe tangu asubuhi mpaka jioni. Hawa miguu yao hulala.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokufanya uhemehe kidogo, lakini bado unaweza kuzungumza. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Faida yake ni nini? Mazoezi hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, huimarisha mifupa, huleta usingizi mzuri na kupunguza mawazo mengi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haipigi hodi. Wengi huijua siku mguu na mkono vinapokataa kusonga.

Mchezo gani?

Wengi wetu tulicheza kati na raunda tulipokuwa shule ya msingi. Raunda ni ndugu wa mchezo uitwao softiboli, unaochezwa na wanawake katika nchi nyingi. Softiboli ilianza mjini Chicago, Marekani, mwaka 1887. Inasimuliwa kwamba vijana waliokuwa ndani ya jumba walifunga glovu ya ngumi ikawa mpira, wakachukua mpini wa ufagio ukawa gongo, wakaanza kucheza. Mwaka 1996 softiboli ya wanawake iliingia katika michezo ya Olimpiki.

Basi ukiona huna mpira wa dukani, usikate tamaa. Hata mchezo huo mkubwa ulianza kwa kilichopatikana nyumbani. Tengeneza mpira kwa soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kushonwa vizuri, mkubwa kama chungwa. Mpira wa namna hii ni mwepesi na hauumizi. Usiweke jiwe ndani ili uwe mzito. Gongo liwe mti mwepesi uliolainishwa, usio na vibanzi, usiozidi urefu wa mkono wako. Funga kitambaa mahali pa kushikia ili lisiteleze.

Namna ya kucheza

Hizi ndizo kanuni nyepesi ambazo hata nyanya anaweza kuzifuata:

1. Gawaneni vikosi viwili, kila kimoja watu 5 hadi 9. Changanyeni wenye nguvu na wasio na nguvu.

2. Wekeni besi nne katika pembe za mraba, hatua 15 kutoka moja hadi nyingine. Zichoreni kwa majivu. Msitumie mawe, kwa sababu mguu ukikanyaga jiwe hupinda.

3. Mrushaji husimama katikati. Mkono wake hutoka chini kwenda juu, naye hurusha polepole ili mpigaji aweze kupiga. Yeye si adui wa mpigaji.

4. Mpigaji akiupiga mpira, huliweka gongo chini na kukimbilia besi ya kwanza iliyo kulia kwake. Haruhusiwi kulitupa. Anayelitupa gongo, zamu yake imekwisha.

5. Ukifika besi salama, ngoja hapo. Mwenzako akipiga, endelea mbele. Ukizunguka ukarudi pale ulipoanzia, kikosi chako kimepata alama 1.

6. Unatoka ukipigiwa mpira ukadakwa kabla haujagusa chini, au mpinzani mwenye mpira akiikanyaga besi unayokwenda kabla hujafika. Watoto wetu humpiga anayekimbia kwa mpira. Sisi watu wazima tuiache kanuni hiyo.

7. Kila mmoja akishapiga mara moja, vikosi hubadilishana. Hivyo hakuna anayerudi nyumbani bila kuligusa gongo.

Mchezo huu una kasoro moja: kuna kusimama kwingi. Kwa hiyo wekeni sharti kwamba anayesubiri zamu atembee kandokando ya uwanja badala ya kuketi. Na ikiwezekana, njooni uwanjani kwa miguu. Nusu saa ya kutembea kwa haraka kwenda na kurudi pia inahesabiwa katika zile dakika 150.

Nani, wapi na lini?

Anzeni na kikundi mlicho nacho tayari. Chama chenu cha kuchangiana pesa kinatosha. Siku ya mkutano ulizeni, "Nani yuko tayari?" Mkipata kumi, mmepata mchezo. Chagueni mmoja wa kukumbusha wengine kwa simu na mwingine wa kutunza mpira na gongo. Msianze kwa michango mikubwa, kwa maana mama asiye na pesa ataona haya na hatarudi.

Uwanja tambarare ni shida kwetu, tunajua. Mahali pazuri ni kiwanja cha shule. Mwendeeni mwalimu mkuu mapema, mwombe ruhusa, na mwahidi kuacha pakiwa safi. Kabla ya kuanza, watu wawili wapite uwanja mzima wakiokota chupa, mawe na misumari, na kufukia mashimo. Msicheze karibu na barabara. Mpira ukienda barabarani, mtoto ataufuata kabla mtu mzima hajageuka.

Siku ichagueni kwa kuheshimu ibada za wote. Katika sehemu zetu Waadventista ni wengi, na Jumamosi kwao ni Sabato. Ikiwa wengi wenu ni Waadventista, Jumapili asubuhi saa tatu ni wakati mzuri. Ikiwa wengi husali Jumapili, chezeni Jumamosi asubuhi. Ikiwa mmechanganyika, chezeni Jumapili baada ya ibada na chakula chepesi, lakini mwe na jicho mawinguni. Saa moja ya mchezo inatosha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi wazi. Mama mwingine ataogopa kukimbia mbele ya baba mkwe kwa ajili ya chinsoni. Hofu hiyo isidharauliwe. Chagueni uwanja uliojitenga kidogo, na mzungumze na watu wa nyumbani mapema. Mwalike mama mkwe awe mwenye kuhesabu alama. Akishaketi pale na kalamu mkononi, atakuwa mtetezi wenu wa kwanza. Kuhusu mavazi, vaa kaptura au suruali ndani ya sketi pana inayofika magotini. Sketi ndefu hukwaza miguu. Vaa raba zenye kamba, wala si ndara.

Nani apimwe kwanza?

Kabla ya Jumapili ya kwanza, kila mmoja apimwe presha. Nenda katika zahanati iliyo karibu, au mwulize mhudumu wa afya wa jamii anayezunguka kijijini kwenu. Tangu mwaka 2023 wahudumu wengi walipewa mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari. Ikiwa kipimo ni 140 kwa 90 au zaidi, ongea na muuguzi au daktari kabla ya kukimbia. Hiyo haina maana kwamba hutacheza kamwe. Wenye presha iliyotulizwa kwa dawa hufaidika sana na mazoezi.

Mwenye kisukari anayetumia dawa asicheze kwa njaa. Ale kwanza, na awe na peremende au sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, ale sukari hiyo mara moja na apumzike. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta.

Mama mjamzito asiingie katika mchezo huu. Mpira au kuanguka kunaweza kuumiza tumbo. Kutembea ni mazoezi mazuri kwake, na kazi ya refa inamfaa. Mama aliyejifungua apate kwanza uchunguzi wa wiki 6. Aliyefanyiwa upasuaji angoje mpaka daktari amruhusu. Kunyonyesha hakuzuii kucheza, na mazoezi hayaharibu maziwa. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kuanza, matiti yawe mepesi, na uvae sidiria inayoshika vizuri.

Mama anayeogopa kukimbia kwa sababu ya mkojo

Sasa sogea karibu, mama, tuseme jambo la siri. Wapo akina mama wasiokubali kucheza, wala kuruka, wala hata kucheka sana kanisani, kwa sababu mkojo hutoka kidogo. Hunyamaza. Husema, "Mimi nimezeeka." Mwingine ana miaka 28 tu.

Jambo hili huwapata wengi baada ya kuzaa. Misuli inayoshika kibofu imelegea, na misuli ikilegea inaweza kukazwa tena. Fanya hivi: kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa visitoke. Hesabu polepole hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, ukiwa jikoni au kwenye matatu, wala hakuna atakayejua. Usibane pumzi. Endelea kwa miezi 3 kabla ya kusema haisaidii. Wakati huo, unaweza kucheza ukiwa umevaa pedi na umekwenda haja kwanza.

Lakini ikiwa mkojo au choo hutoka wakati wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu wa kuzaa, hiyo yaweza kuwa fistula. Si laana, na si uchafu. Ni tundu, na hutibiwa kwa upasuaji. Mwambie muuguzi yeyote unayemwamini akuelekeze. Usikae na aibu hiyo peke yako nyumbani.

Watoto walindwe

Mama wote wakiingia uwanjani, nani anaangalia watoto? Kila mchezo pangeni watu wazima wawili wasiocheza, na wabadilishane na wengine mchezo ukifika nusu. Kazi yao ni watoto tu, si simu. Watoto wakae hatua 15 au zaidi kutoka kwa mpigaji, nyuma ya mstari wa majivu. Gongo haliachwi chini ovyo, kwa sababu mtoto ataliokota na kulizungusha karibu na mwenzake. Chupa ya chai ya moto iwekwe mbali nao. Vyoo vya shimo na visima vya shule viangaliwe vimefunikwa.

Kila mtu aje na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kikombe chake. Baada ya mchezo, uji wa wimbi au ndizi hutosha. Msinunue soda kama zawadi ya washindi. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya chai vya sukari.

Kuanza na kumaliza

Msianze kukimbia mara moja. Tembeeni dakika 5, zungusheni mabega na viuno, pandisheni magoti. Mwisho, tembeeni tena dakika 5 mpaka pumzi itulie.

Acha mara moja ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda ovyo, au pumzi kukataa kurudi. Maumivu ya kifua yasiyoisha ni ya kwenda hospitali sasa hivi, si kesho.

Mguu ukiteguka, usiuvute wala usiukande kwa mafuta ya moto. Kukanda katika siku 2 za kwanza huongeza uvimbe. Pumzisha mguu, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, ufunge kwa bendeji bila kukaza mno, na uuinue juu ya mto. Nenda hospitali ikiwa huwezi kupiga hatua 4, ikiwa mguu umepinda, au ikiwa vidole vimekufa ganzi.

Aliyegongwa kichwani apumzike, asirudi uwanjani siku hiyo. Akipoteza fahamu, akitapika, akichanganyikiwa au akilala usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali bila kungoja.

Radi

Nimeliweka hili mwisho ili likae masikioni. Milima yetu hupata ngurumo nyingi, hasa mchana kuelekea jioni. Kiwanja wazi ndipo mahali pabaya zaidi pa kuwa.

Kanuni ni moja: mkisikia ngurumo, mchezo umekwisha. Msiseme, "Tumalize hii zamu." Radi inaweza kupiga hata kabla mvua haijafika. Chukueni watoto, ingieni darasani au katika nyumba ya kudumu, au ndani ya gari lililofungwa. Msijifiche chini ya mti, wala kibanda kisicho na kuta. Kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chagueni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo, na akisema basi, hakuna kubishana.

Mtu akipigwa na radi, wapo wanaoogopa kumgusa. Mguse. Mwili wake haubaki na umeme. Kama ngurumo bado zinaendelea, msogezeni haraka mahali salama. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache, pokezaneni, huku mwingine akitafuta gari. Wengi waliopigwa na radi wanaweza kuokolewa ikiwa msaada umeanza papo hapo.

Mambo ya kukumbuka

- Dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na mchezo ni sehemu yake tu.
- Pima presha kabla ya kuanza.
- Mpira wa soksi, gongo jepesi, besi za majivu.
- Watu wazima wawili wa kuangalia watoto.
- Mjamzito awe refa. Aliyejifungua angoje wiki 6.
- Mkojo unaovuja una dawa. Sema.
- Ngurumo ikisikika, kila mtu ndani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani hajawahi kupimwa presha, na atapimwa lini?
2. Ni siku gani haitamwacha mtu nje kwa sababu ya ibada yake?
3. Nani atakuwa na mamlaka ya kusimamisha mchezo mawingu yakitanda?
4. Tutamsaidiaje mama anayetaka kucheza lakini nyumbani hawamruhusu?

Mama, watoto wako wamekuona ukilima, ukipika, ukifua na ukiuguza. Wacha wakuone pia ukikimbia huku ukicheka. Tukutane katika mazungumzo yajayo.